UDONGO ULIOCHOKA UNAWEZA KULISHA TENA

Somo la bustani ya nyumbani kwa familia za makambini



Katika somo hili tutajifunza namna ya kurudisha nguvu ya udongo katika bustani ndogo ya nyumbani. Wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki hutuambia jambo moja: "Tulipanda, lakini udongo wa hapa haukubali." Mboga huota, hubaki fupi na za njano, kisha hukauka kabla ya kuchumwa. Baada ya misimu miwili mtu huacha jembe, na kiwanja kinabaki vumbi.

Pengine wewe msomaji unajiuliza: kwa nini watu wa afya wanazungumzia udongo? Sababu ni hii. Mgao wa chakula, ukija kama unga, maharage, mafuta na chumvi, hauna mboga mbichi. Ukija kama fedha, kwanza hununua unga. Hapa Uganda, tangu mwaka 2020, mgao umepunguzwa mara kadhaa, na familia inapopungukiwa, mboga huwa ya kwanza kuachwa sokoni. Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huugua mara kwa mara, na anaweza kushindwa kuona vizuri jua likizama. Mama mjamzito asiyepata madini ya chuma hupungukiwa damu. Kwa hiyo mita chache za udongo mzuri mbele ya nyumba ni sehemu ya afya ya familia.

1. KWA NINI UDONGO UMECHOKA?

Udongo mzuri una vitu vinne: chembe za mawe zilizosagika, hewa, maji, na mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza. Hayo mabaki yaliyooza tunayaita mboji. Mboji hushika maji kama sifongo, hulisha mimea polepole, na hulisha minyoo na vijidudu vinavyolegeza udongo.

Makambini mara nyingi kinachokosekana ni mboji. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na nyumba. Majani hufagiwa na kuchomwa. Ardhi hiyohiyo hulimwa kila msimu bila kupumzika na bila kurudishiwa kitu. Kisha mvua kubwa hupiga udongo ulio wazi na kuupeleka bondeni.

Hasara ya udongo si jambo dogo. Majirani zetu wa Rwanda wanaikumbuka kambi ya Gihembe, wilaya ya Gicumbi, iliyokuwa juu ya mlima. Maji ya mvua yalichimba makorongo karibu na nyumba hata watu hawakuwa salama tena. Mwaka 2021 kambi ile ilifungwa na wakazi wakahamishiwa Mahama. Korongo kubwa huanza na kamfereji kadogo ambako hakuna aliyekajali.

2. UJUE UDONGO WAKO

Kabla ya kulima, fanya majaribio mawili. Hayahitaji fedha.

Jaribio la mkono. Chukua udongo kiganja kimoja, uloweshe kidogo, uufinyange kama donge la ugali. Ukivunjika mara moja, una mchanga mwingi: maji na chakula cha mimea hupita haraka. Ukifinyangika kama udongo wa chungu na kung'aa, ni mfinyanzi: maji hukwama na mizizi hukosa hewa. Ukishikana lakini ukavunjika unapoubonyeza kwa kidole, una bahati, ni mchanganyiko mzuri.

Jaribio la chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Ongeza maji karibu ijae, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache mahali pamoja mpaka kesho yake. Mchanga hutua chini kwanza, tope laini hufuata, mfinyanzi hutua mwisho. Vipande vya majani na mizizi huelea juu. Kama juu ya maji hakuna kitu, udongo wako una njaa.

Habari njema ni kwamba dawa ya udongo wa mchanga na dawa ya udongo wa mfinyanzi ni ileile. Mboji husaidia mchanga kushika maji, na husaidia mfinyanzi kuachia hewa.

3. USICHOME CHAKULA CHA UDONGO

Angalia moshi unaopanda asubuhi watu wanapofagia. Yale ni majani makavu, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi na nyasi. Yakichomwa hubaki jivu kidogo, na kilichobaki chote hupotea hewani. Yakiozeshwa hurudi kuwa udongo.

Namna ya kutengeneza mboji:

a) Chagua mahali penye kivuli, mbali kidogo na nyumba na nje ya njia ya maji ya mvua. Pima mita moja kila upande.

b) Tandika vijiti vikavu chini ili hewa ipite.

c) Weka tabaka la vitu vikavu: nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa, majani makavu. Unene uwe kama urefu wa kiganja.

d) Weka tabaka la vitu vibichi: magugu ambayo hayajatoa mbegu, maganda ya viazi na ndizi, majani ya maharage. Ule mmea wenye maua ya njano kama alizeti ndogo, unaoota kandokando ya barabara, ni mzuri sana kwa sababu majani yake yana chakula kingi na huoza upesi.

e) Weka samadi ya mbuzi, kuku au ng'ombe, kama unayo. Kama huna, weka konzi chache za udongo mweusi kutoka chini ya mti. Nyunyiza jivu kidogo tu. Jivu jingi huharibu udongo.

f) Lowesha kila tabaka, kisha rudia mpaka lundo lifike kiunoni. Funika kwa nyasi au majani ya migomba.

g) Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati na ukiache humo. Baada ya siku nne kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na kimelowa, kazi inakwenda vizuri. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikitoa harufu mbaya, lundo limelowa mno; lipindue na uongeze vitu vikavu.

h) Pindua lundo lote baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine.

Baada ya miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, laini, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Kwa hiyo angalia kalenda. Ukianza mwanzo wa Juni, mboji itakuwa tayari kwa mvua za Septemba. Ukianza mwanzo wa Desemba, itakuwa tayari kwa mvua za Machi.

Usitie katika lundo plastiki, betri, chupa, nyama, mafuta, wala kinyesi cha binadamu, mbwa au paka.

4. ARDHI NGUMU KAMA SAKAFU: CHIMBA MASHIMO

Wengine wana kiwanja ambacho jembe huruka likigonga. Wasikate tamaa. Kaskazini ya Burkina Faso, katika eneo la Yatenga, aliishi mkulima aitwaye Yacouba Sawadogo. Karibu mwaka 1980 ukame mkali ulikuwa umefukuza watu vijijini. Yeye alibaki. Alichukua desturi ya zamani ya kwao ya kuchimba mashimo madogo wakati wa kiangazi, akayapanua na kuyatia samadi. Mchwa walifuata samadi, wakatoboa ardhi ile ngumu, na mvua ilipokuja maji yaliingia chini badala ya kukimbia. Alivuna mtama na uwele mahali watu waliposema ni jangwa, na baadaye msitu ukaota hapohapo. Mwanzoni wenzake walimwona kama mtu aliyerukwa na akili. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya kimataifa nchini Sweden. Alifariki mwaka 2023.

Wewe unaweza kufanya hivi:

- Chimba mashimo yenye upana wa sahani kubwa na kina cha kiganja. Acha nafasi ya hatua moja kati ya shimo na shimo.
- Udongo uliotoa uweke upande wa chini wa mteremko, kama mwezi mchanga, ili uzuie maji.
- Tia konzi mbili au tatu za mboji au samadi iliyooza, na udongo kidogo juu yake.
- Mvua ikianza, panda mahindi, maboga au kunde ndani ya shimo.
- Msimu unaofuata tia mboji tena katika mashimo yaleyale, au chimba mapya katikati yake.

Huhitaji kulima kiwanja chote. Unalisha shimo, na shimo linakulisha.

5. FUNIKA UDONGO, PANDA KUNDE

Udongo ulio wazi huungua juani na hupigwa na mvua. Ufunike kwa nyasi kavu au majani, unene wa vidole vinne, lakini usiguse shina la mche. Hayo ndiyo matandazo. Yanapunguza magugu, yanatunza maji, na yakioza yanakuwa mboji. Mtu anayechota maji kwa foleni ataelewa haraka faida yake, maana bustani iliyofunikwa haihitaji kumwagiliwa mara nyingi kama ile iliyo wazi.

Badilisha mazao. Mahali palipokuwa na mahindi au lengalenga, msimu unaofuata panda maharage, kunde au karanga. Mizizi ya jamii hii ina vinundu vidogo. Ndani yake wamo vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuwapa mimea kama mbolea. Ng'oa mmea mmoja ukiwa unatoa maua, kata kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Wakati wa kuvuna using'oe mizizi. Kata shina juu ya ardhi, acha mizizi ioze hapohapo.

6. ASIYE NA KIWANJA: BUSTANI YA GUNIA

Katika kambi za Kakuma na Dadaab, nchini Kenya, familia nyingi zimepanda mboga katika magunia. Njia ni rahisi:

- Changanya mabeseni matatu ya udongo na beseni moja au mawili ya mboji.
- Simamisha gunia. Weka katikati kopo kubwa lisilo na kitako na ulijaze mawe madogo.
- Jaza udongo kuzunguka kopo. Ukifika juu ya kopo, livute juu taratibu, mawe yabaki. Lijaze mawe tena, uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe hupeleka maji mpaka chini.
- Toboa matundu madogo pande zote, yasiwe kwenye mstari mmoja. Panda mche mmoja katika kila tundu na mingine juu.

Gunia moja hubeba miche 20 au zaidi ya sukuma wiki, lengalenga au spinachi. Mwagilia juu ya mawe asubuhi na jioni.

7. NINI UPANDE, NA UPIKE VIPI

Anza na mboga za haraka. Lengalenga, ambayo majirani zetu Waganda huiita dodo, huweza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hutoka kwenye kamba za viazi vitamu na hayahitaji mbegu ya kununua. Ukipata kamba za viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, zitunze sana. Viazi hivyo vina vitamini A nyingi. Mganda mmoja, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa kuendeleza viazi vya aina hiyo.

Pika mboga za majani kwa muda mfupi na uweke mafuta kidogo, kwa sababu mwili hauwezi kupokea vitamini A vizuri bila mafuta. Ongeza ndimu au nyanya. Husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Sombe ni tofauti: lazima itwangwe na ichemshwe vya kutosha, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Bustani haichukui nafasi ya huduma za kliniki. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 aendelee kupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

8. TAHADHARI ZA AFYA

- Vaa viatu bustanini. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu na kunyonya damu.
- Ukijikata kwa jembe, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha uende kliniki. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi, kabla ya kula au kumshika mtoto.
- Usipande mboga upande wa chini wa choo, wala usichote maji ya mfereji unaotoka chooni.
- Maji ya kuoshea mboga na vyombo yanaweza kumwagiliwa. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo pia yanafaa. Yamwage kwenye udongo, si juu ya majani. Usitumie maji yenye jiki, wala maji yaliyofulia nepi au nguo za mgonjwa wa kuhara.
- Usiache maji yakisimama katika makopo, ndoo au mashimo. Mbu huzaliana humo.
- Samadi mbichi isitiwe kwenye mboga. Iozeshwe kwanza katika lundo.

9. PIGA PICHA, ULINGANISHE

Siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye kamera. Itumie bustanini. Siku ya kwanza piga picha ya kiwanja kikiwa bado kitupu. Kila mwezi piga tena ukisimama mahali palepale, saa ileile. Udongo hubadilika polepole, na jicho linalouona kila siku husahau ulivyokuwa. Picha hukumbuka, na jirani anayesita ataamini picha kuliko maneno.

Mmea ukiugua, piga picha tatu: mmea mzima, jani upande wa juu, na jani upande wa chini. Weka kidole karibu na jani ili ukubwa wake uonekane. Kisha mwonyeshe afisa kilimo au mkulima mzoefu. Wewe mwenyewe unaweza kusoma dalili hizi:

- Majani ya chini, yaliyo mazee, yanageuka njano yote: mara nyingi ni ukosefu wa naitrojeni. Ongeza mboji, panda kunde.
- Majani ya mahindi machanga yana rangi ya zambarau: mara nyingi ni ukosefu wa fosforasi. Ongeza samadi iliyooza.
- Kingo za majani mazee zinakauka kama zimeungua: mara nyingi ni ukosefu wa potasiamu. Nyunyiza jivu kidogo na uongeze mboji ya maganda ya ndizi.

Angalizo: unapowatumia wengine picha, angalia isionyeshe kadi ya mgao, namba ya nyumba wala sura ya mtu ambaye hajakubali. Baadhi yetu tulikimbia watu ambao bado wanatutafuta. Picha ya bustani ionyeshe mboga tu.

10. MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, nikilisha udongo leo, nitavuna vizuri msimu huu? Utaona tofauti ndani ya mashimo na magunia msimu uleule. Kiwanja kizima huchukua misimu kadhaa. Usiache katikati.

Mboji yangu ni kidogo, niitandaze wapi? Usiitandaze kote. Itie katika mashimo machache, moja moja, na uyatunze hayo. Mwakani utaongeza.

Sina mbuzi wala kuku. Je, naweza kupata mboji? Ndiyo. Magugu, maganda na majani vinatosha, ila vitachukua muda mrefu zaidi kuoza.

Kwa nini nihangaike, kama siku moja nitarudi kwetu au nitahamishwa? Mtoto wako anakula leo. Anahitaji mboga wiki hii, si siku ya safari. Na ujuzi wa kufufua udongo utausafirisha bila mzigo. Utakufaa popote utakapolima.

KUMBUKA

- Majani na maganda si taka; usiyachome.
- Udongo usikae wazi.
- Lisha eneo dogo vizuri kabla ya kuongeza.
- Kila unapovuna, rudisha kitu.

MAZUNGUMZO YA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, majani na maganda huishia wapi? Nani angekubali kuyakusanya pamoja?
2. Maji ya mvua hupita wapi? Je, kuna kamfereji kanakoanza kuwa korongo? Mtakazuia vipi kabla ya mvua zijazo?
3. Nyumba ipi ina mzee, mgonjwa au mama mjamzito asiyeweza kuchimba? Nani atamchimbia mashimo kumi ya kwanza?

Mkikwama, mwoneni mhudumu wa afya wa kijiji chenu au afisa kilimo. Aliyefanikiwa naye amfundishe jirani yake, na ampe kamba chache za viazi aanzie.